Ushuhuda wa Fundi wa Lipu

Kitu cha kwanza alichokiona fundi baada ya miezi saba ya giza kilikuwa ulimi wa mke wake.

Ilikuwa asubuhi, chai iko mezani, naye fundi alikuwa anaomba. Siku hizo hakujisumbua tena kufumba macho wakati wa sala, maana kwake ilikuwa mamoja. "Tunakushukuru, Baba," alisema, kwa ile sauti ya chini ambayo watu wa kanisani walikuwa wameanza kuipenda, "kwa mkate unaotujia bila jasho letu." Tangu siku chache nyuma alikuwa akihisi upande wa kulia kitu kama ukungu wenye mwanga, akaupuuza. Asubuhi hiyo ukungu ukatulia kama yanavyotulia maji ya ndoo, na ndani yake akamwona mkewe upande wa pili wa meza, amemkazia macho, ametoa ulimi wote nje kama mtoto anayemkejeli mwenzake.

Kisha ulimi ukarudi ndani, na mdomo uleule ukasema, "Amina."

"Amina," akaitikia dada mkubwa wa fundi, mjane aliyehamia chumba cha nyuma tangu ajali ile, eti kuwasaidia.

Fundi alifungua kinywa aseme "naona". Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya meno. Lakini mtu aliyetolewa ulimi katikati ya sala ana haki ya kujiuliza ametolewa mangapi mengine. Akafunga kinywa. Akapapasa meza kama kawaida yake, akakisukuma kijiko kwa makusudi, akakitafuta kikombe mahali ambapo aliona wazi kabisa hakipo. Mkewe akamshika mkono akauweka kwenye kikombe. Na papo hapo dada yake, bila haraka wala aibu, akanyoosha vidole akachukua nusu ya yai lake sahanini.

"Kula, mdogo wangu," dada akasema huku anatafuna. "Umekonda."

*

Basi fundi akaendelea kuwa kipofu. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu tu.

Jicho la kushoto lilibaki giza tupu, lakini la kulia lilizidi kusafika kila kulipokucha, naye akalitumia kama askari kanzu. Wazee wawili wa kanisa walikuja kumfariji. Mmoja aliomba kwa machozi, mwenzake akawa anaperuzi simu na kutabasamu peke yake. Jirani aliyemwita "shujaa wetu" kila alipopita alikuwa anampungia mkono mbele ya uso ili kuhakikisha, kisha anajikuna pasipostahili kukunwa mbele za watu. Hata Mchungaji, mtu mwema kwa kila hali, aliomba sala ndefu ya uponyaji huku jicho lake moja likiwa kwenye saa ya ukutani.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi tunapokea wageni," Mchungaji alisema alipomaliza. "Wanatoka mbali. Nataka wakusikie. Watu wanalia wakipoteza viatu, ndugu yangu, wewe umepoteza macho yote mawili na hujanung'unika hata siku moja."

"Nimekubali," fundi akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema mara ya kwanza hospitalini, siku ya tatu baada ya ndoo ya chokaa kumwagika kutoka jukwaani ikamwangukia usoni. Mchungaji alimuuliza anajisikiaje, naye kwa uchovu tu akajibu, "Nimekubali." Mchungaji alibubujikwa na machozi, akalipeleka neno lile kanisani, na tangu hapo fundi, ambaye miaka yote alikuwa anakaa nyuma karibu na mlango ili awahi kutoka, akawa anashikwa mkono na kuketishwa mstari wa mbele. Wanawake walimletea watoto awawekee mkono kichwani. Sasa alikaa pale na jicho lake zima akijiuliza: je, kiti hiki ni cha fundi, au ni cha upofu wake?

Lakini aliyemchunguza kuliko wote alikuwa mkewe.

Alikuwa amezeeka. Hilo lilimshtua, kwa sababu gizani alikuwa ameendelea kumwona na sura ya mwaka jana. Mifupa ya shingo ilikuwa imejitokeza. Mikono, ambayo gizani aliihisi imekuwa migumu, naye akaambiwa ni sabuni ya kufulia, ilikuwa imepasuka vidoleni. Mara tatu kwa wiki alivaa gauni lake zuri la bluu, akabeba mfuko mkubwa, akasema, "Naenda kwenye kikundi cha akina mama." Jioni alirudi ameoga, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kizito. Siku moja, alipoinama kumtilia dawa ya macho, fundi akaona nyuma ya sikio lake alama nyeupe ya unga uliokauka. Hakuhitaji kuuliza ni unga gani. Ilikuwa saruji. Na kwenye nywele zake kulikuwa na harufu ya sigara.

Katika maisha yake fundi alimjua mtu mmoja tu aliyenuka saruji na sigara kwa pamoja: mwenzake wa kazi wa miaka mingi, waliyemwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa wa ukuta, kwa jinsi alivyotembea wima bila kuinama upande wowote. Mke wa Pimamaji alimkimbia zamani.

Mkewe alipotoka, fundi alipiga magoti akavuta sanduku la vifaa chini ya kitanda. Timazi ilikuwamo, na kamba, na ubao wa kusawazishia. Mwiko wake haukuwamo, ule wenye mpini ulioshika umbo la kiganja chake.

Hata mwiko wangu amempa, akawaza, akalisukuma sanduku kurudi chini ya kitanda.

*

"Sikutaka kukwambia," dada yake alisema Jumatano mchana, wakiwa wawili tu sebuleni. Wote wawili walijua kwamba alitaka sana. "Lakini wewe huoni, mdogo wangu. Lazima awepo wa kukuonea."

"Kunionea nini?"

"Kikundi cha akina mama kinakutana Jumamosi moja kwa mwezi. Nilikutana na mwenyekiti sokoni, nikamuuliza. Akanishangaa. Wifi hajakanyaga kikundini tangu uumie."

Dada akasogeza kiti.

"Na kuna watu wamemwona na yule mrefu. Rafiki yako. Wanaingia kwenye lile jengo jipya nyuma ya stendi, halina hata milango. Sasa mwanamke wa mtu anatafuta nini ndani ya jengo lisilo na milango?"

"Umemwona kwa macho yako?"

"Mimi mjane, nitaanza kuzurura kwenye majengo? Nimeambiwa." Alishusha pumzi. "Wewe mwombe Mungu. Umekubali makubwa, hili nalo utalikubali."

Fundi aliitazama sura yake wakati anasema hivyo. Haikuwa sura ya ubaya. Ilikuwa sura ya mtu anayeogopa kwamba nyumba hii ikitulia, hatakuwa na sababu ya kukaa chumba cha nyuma. Lakini fundi hakuwa na nafasi ya kumhurumia mtu siku ile. Aliomba fimbo yake, akasema anakwenda kupunga upepo.

"Peke yako?"

"Mungu ataniongoza," akajibu, na akajichukia kwa jinsi maneno yalivyomtoka kirahisi.

*

Kutembea kama kipofu wakati unaona ni kazi ngumu kuliko upofu wenyewe. Ilimbidi agonge ukuta aliouona, akanyage dimbwi aliloliona. Barabarani kijana mmoja mwenye huruma alimkamata mkono kwa nguvu akamvusha upande asioutaka, akamwombea heri, akaenda zake, na fundi akalazimika kusubiri mwingine amvushe kumrudisha.

Jengo lilikuwa la ghorofa moja, matofali yake bado yako uchi upande wa mbele. Alizunguka nyuma polepole. Alisikia kicheko cha mwanaume, kisha sauti ya mkewe ikijibu jambo, kwa haraka na kwa raha, sauti ambayo nyumbani hakuwa ameisikia kwa miezi saba. Akafika kwenye uwazi wa dirisha, akaegemea ukuta, akachungulia kwa jicho la kulia.

Pimamaji alikuwa juu ya jukwaa, sigara mdomoni, anapiga lipu sehemu ya juu. Chini yake, ndani ya ovaroli ya fundi mwenyewe iliyokunjwa miguuni mara tatu, kitambaa kichwani, alikuwa mkewe. Mkononi ana mwiko. Alichota mchanganyiko, akaurusha ukutani kwa kukunja kiwiko, ukashika. Akachota tena. Gauni la bluu lilikuwa limetundikwa msumarini, limefunikwa gazeti lisipate vumbi.

"Usikandamize sana, shemeji," Pimamaji alisema. "Ulegeze mkono."

"Nilegeze, nikaze, mnafundisha wawili hamkubaliani. Mwenzako miaka yote alikuwa anasema kaza."

"Sasa mwenzangu anajua hata kama unakaza au unalegeza?"

"Mwenzako anajua mkate unashuka kutoka juu kama mvua."

Wakacheka. Fundi hakucheka. Kilichompata pale dirishani hakikuwa nafuu, ingawa baadaye alisema kilikuwa nafuu. Ilikuwa aibu, iliyoanzia miguuni ikapanda. Alikumbuka Pimamaji alivyokuja nyumbani mwezi wa pili, akasema kuna kazi na shemeji ana mkono mwepesi, na jinsi yeye alivyomfukuza: mke wangu hatashika mwiko wakati Mungu yu hai. Alikumbuka kwamba vikapu vya chakula kutoka kanisani vilikoma kuja muda mfupi baada ya hapo, na kwamba hakuwahi kuuliza nini kilichukua nafasi yake.

Angeweza kuondoka. Alikuwa ameshaona alichokuja kuona. Lakini mkewe alikuwa amefika kwenye kona, na fundi wa lipu ana udhaifu mmoja usiotibika. Aliutazama ukuta ule ukipinda, akajizuia, akautazama tena.

"Kona hiyo imelala," akasema. "Bandua, uanze upya."

Mwiko ukasimama hewani. Pimamaji akageuka juu ya jukwaa, sigara ikamdondoka. Mkewe hakugeuka mara moja. Kwanza aliitazama kona. Kisha akageuka, akaitazama fimbo, akalitazama jicho.

"Imelala upande gani?" akauliza taratibu.

Fundi angeweza bado kujiokoa. Alichoka. "Kushoto. Chini."

Mkewe aliuweka mwiko kwenye ndoo, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejua chokaa inaweza kufanya nini. "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Wiki tatu nakushika mkono kukupeleka chooni. Nasimama mlangoni nakusubiri. Nakukatia kucha. Kumbe unaniangalia."

"Na wewe ulinidanganya. Kikundi cha akina mama! Watu wanasema mtaani..."

"Mimi nilikudanganya ili ule. Na ile dawa ya macho, ulidhani inatoka wapi? Uliniambia niache kukutilia, umekubali. Mimi sikukubali. Nikatia asubuhi na jioni." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimwogopesha fundi kuliko kelele. "Wewe ulinidanganya ili unifumanie."

Pimamaji alikohoa, akasema anakwenda kuchota maji, akashuka jukwaani na kupita katikati yao akiwa wima kama kawaida yake. Hakuchukua ndoo.

"Nilikuona," fundi akasema, "asubuhi ile ya kwanza. Kwenye sala. Ulinitolea ulimi."

Mkewe aliitazama tena ile kona, kama anayetafuta kumbukumbu.

"Sikukutolea wewe," akasema.

"Tulikuwa wawili tu mezani, na dada!"

"Nilimtolea huyo uliyekuwa unamshukuru." Alikivua kitambaa kichwani. "Alikuangalia umesimama chini ya ndoo. Asiseme neno. Halafu kila asubuhi wewe unamshukuru kwa jasho langu. Mimi sijasema naye tangu siku ile, fundi. Naitikia amina ili chai isipoe."

*

Jumamosi fundi alikwenda kwa Mchungaji kumwambia kwamba anaona. Mchungaji aliruka kwenye kiti, akamkumbatia, akalia kwelikweli. Kisha akajifuta, akafunga mlango wa ofisi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu na rafiki mmoja."

"Basi waambie wanyamaze mpaka kesho. Si uongo, ndugu yangu, ni kungoja tu. Kesho wageni wapo. Nitakuwekea mikono mbele yao, ufumbue macho. Fikiria ni wangapi watainuliwa imani!"

Fundi alifikiria. Mchungaji si muongo mbaya, aliona. Ni mtu anayependa habari njema ifike ikiwa imevaa vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa ameivalisha kwa miezi saba. Aliaga bila kujibu ndiyo wala hapana.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi kwenye madirisha. Alipoitwa alikwenda mbele bila fimbo, na kabla Mchungaji hajainua mikono akawageukia watu.

"Ninaona," akasema. "Jicho la kulia. Nimeona kwa zaidi ya wiki tatu, nikanyamaza, nikawachunguza."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mabati. Mzee wa simu aliitia simu mfukoni. Jirani aliinamisha kichwa. Dada yake, aliyejisifu kwa kila mgeni kwamba ndiye aliyemwuguza, aliutazama mkoba wake kana kwamba una maandishi.

"Mlipenda neno langu, kwamba nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa nimeketi, nalishwa. Ukiketi ukalishwa ni rahisi sana kukubali. Mke wangu alikataa. Akachukua mwiko wangu akaenda kupiga lipu kwenye jengo la nyuma ya stendi, kwa siri, kwa sababu mimi nilimkataza. Mkate niliosema unakuja bila jasho ulikuwa na jasho. Na dawa pia. Waliomsema vibaya juu ya jengo lile, nami nilikuwa mmoja wao, wasimseme tena."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameahidi kuja.

"Lakini ndugu," Mchungaji alisema kwa upole, bado mikono yake haina pa kwenda, "ni Mungu aliyekuponya. Si ndivyo?"

Fundi alimtazama mkewe pale mlangoni.

"Naamini ni yeye," akasema. "Namshukuru, na nitamshukuru. Lakini hapo nyuma nilimshukuru kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Huyo ana maneno yake na Mungu, mwacheni ayamalize mwenyewe."

Hakuna aliyesema amina. Kwaya ilianza wimbo kabla ya wakati wake, na wageni wakaimba kwa sauti kubwa wasijue wafanye nini kingine.

Njiani kurudi walitembea bila kushikana. Nusu ya safari mkewe akasema, "Umesema marefu."

"Vibaya?"

"Marefu tu." Baadaye kidogo akaongeza, "Jumanne tunakwenda kliniki. Na safari hii hutaniambia umekubali."

*

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni ya benchi nne. Walipoitwa, daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, alimweka fundi kidevu kwenye mashine na kuzima taa. Mkewe alisimama nyuma yake. Katika giza lile fundi alimsikia akisema, kwa sauti ndogo mno, "Tafadhali."

"Usijali, mama, haumii," daktari akajibu.

Fundi alijua hakuwa anasema na daktari.

Jicho la kulia lilikuwa linapona vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kwa miwani atasoma gazeti. Aendelee na dawa, na asisogelee chokaa tena maishani mwake. Kama ni kazi, atafute ya kusimamia wengine. Mkewe alipumua. Kisha daktari akahamia la kushoto, akawasha, akazima, akawasha tena. Haikuchukua muda.

"Hili lilikufa siku ileile ya ajali," akasema. "Hata dawa msipoteze. Mlikuwa mnatia yote mawili?"

"Yote mawili," mkewe akasema.

"Lakini kuna siku nahisi kama mwanga," fundi akasema haraka. "Asubuhi, upande wa juu."

"Jicho zima ndilo linaloona, mzee. Ubongo unajazia."

"Tukiendelea kutia tu. Miezi mingine miwili. Mke wangu hachoki, daktari, huyu mkono wake hauchoki." Alimgeukia mkewe. "Si utaendelea?"

Mkewe alimtazama. Miezi yote hiyo alikuwa hajakubali chochote, si kwa Mchungaji, si kwa mumewe, si kwa yule asiyesema naye. Sasa alichukua chupa mbili za dawa, moja ya kila jicho, kutoka kwenye mfuko, akaisukuma moja mezani upande wa daktari.

"Hapana," akasema. "Hili basi."

Fundi alitoka nje ya chumba akashika ukuta wa korido hadi kwenye benchi, akaketi. Mtu aliyekuwa mfano wa kanisa zima, aliyepoteza macho mawili bila kunung'unika, akainamia magoti yake akalia kwa kwikwi mbele ya foleni, makamasi yakimtoka, bila kujali nani anamwona. Machozi yalitoka jicho la kulia, na la kushoto nalo likatoa yake. Mkewe akaketi kando yake, bega kwa bega. Hakumwambia anyamaze.

Bibi mmoja aliyefungwa bandeji alisogea kuwapisha. "Poleni, wanangu," akasema. "Mmefiwa?"

"Amepoteza jicho, mama."

"Maskini! Lini?"

Mkewe alimfuta mumewe uso kwa pembe ya kitenge, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Leo," akasema.